Nilivyopunguza uzito wa picha zangu bila kuzichakaza

Diski niliyohifadhia picha za familia ilikuwa imebakiza nafasi kidogo sana, na kila nilipotaka kumtumia ndugu yangu albamu nzima, upakiaji ulikatika katikati. Kufuta sikutaka hata kusikia, maana picha za watoto na za wazee waliokwisha kuondoka hazirudiwi. Nilichohitaji ni nakala nyepesi za kutazama na kutuma, ambazo mtu akiziweka mbele ya macho haoni kilichopungua. Nilizipata. Naeleza njia niliyopita kwa sababu maelekezo mengi huanza kwa kukwambia ushushe ubora, ilhali hiyo kwangu ni hatua ya pili. Ya kwanza ni vipimo.

Picha ya kawaida ya megapikseli 12 ina pikseli, yaani vinukta vya rangi vinavyoiunda, 4000 kwa 3000. Skrini nyingi za kompyuta zina 1920 kwa 1080, yaani pikseli kama milioni mbili tu. Ukiifungua picha hiyo ijae skrini, programu yenyewe inaipunguza papo hapo na sehemu kubwa ya pikseli zake huzioni kabisa. Ukigawanya upana na urefu kwa mbili, pikseli zinazobaki ni robo ya zile za mwanzo, na uzito wa faili unashuka kwa kiasi kinachokaribia hapo. Mimi nilichagua pikseli 2048 kwa upande mrefu. Zinatosha skrini za kawaida, na zinatosha hata kusafisha picha ya sentimita 10 kwa 15, ambayo kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji takriban 1200 kwa 1800. Mwenye skrini ya 4K na anayetaka kuijaza aende hadi 3840.

Baada ya vipimo ndipo nikaugeukia ubora, na hapa ilinisaidia sana kujua JPEG, mfumo ambao kamera nyingi huhifadhia picha, inafanya nini hasa. Pikseli milioni 12, kila moja ikichukua baiti tatu za rangi, ni megabaiti 36. Kamera inakukabidhi faili ya megabaiti tatu, nne au tano. Ina maana picha ilikwisha kubanwa sana kabla hujaigusa, na hukuona kasoro. Mfumo huu, uliokubaliwa rasmi mwaka 1992, unaikata picha katika vimraba vya pikseli 8 kwa 8, kisha unakieleza kila kimraba kama mchanganyiko wa mawimbi, mengine mapana na mengine membamba sana. Hesabu yenyewe ilitokana na wazo la mhandisi Nasir Ahmed la mapema miaka ya 1970. Mawimbi mapana hutunzwa kwa uangalifu; yale membamba, ambayo jicho halishughuliki nayo sana, hukadiriwa kwa jumla jumla au hutupwa. Rangi nazo mara nyingi huhifadhiwa kwa undani mdogo kuliko mwanga, kwa kuwa jicho la binadamu hutambua tofauti za mwanga vizuri zaidi kuliko tofauti za rangi.

Ile namba ya ubora unayoulizwa wakati wa kuhifadhi inaamua makadirio hayo yawe makali kiasi gani. Si asilimia. Ukiweka 80 hujapoteza asilimia 20 ya picha, na ukiweka 100 bado kuna kitu kidogo kinachopotea, huku faili ikivimba bila faida. Kushuka kutoka 100 hadi 90 tu kunaweza kuondoa zaidi ya nusu ya uzito. Tena programu hazifanani: 80 ya hii si lazima iwe 80 ya ile, na Photoshop ina kipimo kingine kinachoishia 12. Kwa hiyo sikuchukua namba ya mtu. Nilitafuta yangu kwa macho yangu.

Kazi hiyo ndiyo niliyoipa muda mwingi kuliko zote, na ningemshauri yeyote afanye vivyo hivyo mara moja kabla ya kubana maelfu ya picha. Nilitoa pembeni picha chache ngumu kwa makusudi: anga ya jioni linapobadilika taratibu kutoka rangi ya chungwa kwenda buluu, uso wa mtoto wenye nywele zilizopigwa na mwanga kutoka nyuma, uwanja wa majani, na bango jekundu lenye maandishi. Kila moja nikaihifadhi kwa ubora wa 95, 90, 85, 80, 75, 70 na 60, zote kutoka kwenye picha ya asili. Kisha nikazifungua kwa asilimia 100, pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini. Ukikuza hadi asilimia 400 utaona makosa ambayo hakuna mtazamaji atakayeyaona, na utaishia kubeba mafaili mazito kwa hofu tu.

Nilichokiona hakikuwa nilichotarajia. Uwanja wa majani, ambao una vitu vingi vidogo vidogo, ulivumilia hadi 70 bila shida. Fujo ya majani inaficha makadirio yote. Anga, ambalo halina kitu, ndilo lililoharibika kwanza. Kwenye 80 tayari palianza kujitokeza mistari mipana ya rangi mahali palipopaswa kuwa laini, na kwenye 70 vimraba vyenyewe vilionekana. Nywele zilikaa katikati: kwenye 75 kulikuwa na vumbivumbi jembamba pembezoni mwa kila unywele uliopakana na anga jeupe. Nilihitaji pia jicho lisilojua jibu, kwa hiyo nikampa dada yangu mkubwa picha mbili mbili zisizo na majina, ya asili na iliyobanwa, nikamwomba anionyeshe iliyo bora. Kwa ubora wa 82 alibahatisha tu, isipokuwa kwenye bango. Hapo alinyoosha kidole bila kusita. “Hii herufi zake zimechuja,” akasema.

Alikuwa sahihi, na kilichosababisha si namba ya ubora. Ni ule upunguzaji wa undani wa rangi, ambao huhifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu. Kwenye uso wa mtu huoni lolote, lakini ukingo mkali wa rangi nyekundu iliyokolea huchuja na kutapakaa. Dawa yake ni kuchagua 4:4:4, inayoziachia rangi undani wake wote, badala ya 4:2:0, inayozipunguza hivyo, kwa picha za namna hiyo. Faili inaongezeka kidogo, herufi zinarudi kusimama wima. Basi nikaamua: 82 kwa picha nyingi, 90 kwa zenye anga tupu au ukuta laini, na 4:4:4 palipo na maandishi ya rangi kali.

Picha za skrini ni habari nyingine kabisa. Maandishi meusi juu ya weupe huzungukwa na uchafu yakiingizwa kwenye JPEG, wakati PNG, mfumo mwingine wa picha, huyabana bila kupoteza hata pikseli moja na mara nyingi faili huwa nyepesi zaidi. Hizo niliziacha kwenye PNG. Picha za usiku zilinisumbua kwa sababu ya chengachenga, yaani vinukta vinavyojitokeza gizani: JPEG inazihesabu kama undani na kuzitunza kwa gharama kubwa. Kuzilainisha kidogo kabla ya kubana kulipunguza uzito, na picha zenyewe zikapendeza zaidi.

Kubana kwa wingi nilikufanya kwa ImageMagick, programu inayobadilisha picha nyingi kwa amri moja ya kuandika. Nilitengeneza folda iitwayo “ndogo” ndani ya folda ya picha, kisha nikaandika:

magick mogrify -path ndogo -auto-orient -resize "2048x2048>" -quality 82 *.jpg

Hiyo “-path” usiiache kamwe, kwa kuwa mogrify bila maelekezo hayo huandika juu ya picha zako za asili. Alama ya “>” inazuia picha ndogo zisivutwe kuwa kubwa. Na “-auto-orient” inageuza picha kwa kufuata alama ya mwelekeo iliyoandikwa na kamera, ili baadaye ukiondoa taarifa za EXIF, zile kamera inazoziandika ndani ya faili, picha za wima zisije zikalala ubavu.

Kuhusu taarifa hizo, wengi hupendekeza kuzifuta zote ili kuokoa nafasi. Mimi sikubaliani. Ni kilobaiti chache, na ndani yake mna tarehe na saa ya kupigwa picha, kitu ambacho wajukuu watakuja kukitafuta. Pia amri ya kufuta kila kitu, “-strip”, huondoa wasifu wa rangi, unaoieleza skrini rangi zisomwe vipi, na picha za baadhi ya simu zinazotumia uwanja mpana wa rangi hubaki zimepauka. Ninachofuta ni mahali zilipopigwa, kabla sijazituma nje ya familia, kwa ExifTool: exiftool -gps:all= *.jpg. Hilo ni suala la usalama wa watu, hasa watoto.

Niliangalia pia mifumo mingine ya kuhifadhi picha: WebP ya Google, iliyotoka mwaka 2010, na HEIC, ambayo simu za Apple zilianza kuitumia mwaka 2017. Zote hubana vizuri kuliko JPEG. Lakini nakala zangu zinakwenda kwa watu wenye simu kuukuu na kompyuta za kila aina, na JPEG inafunguka kote. Badala yake nikapata nafuu ndogo ya bure kwa jpegtran, ambayo hupanga upya data zilizomo bila kugusa pikseli yoyote. Inapunguza asilimia chache tu, ila kwa maelfu ya picha zinahesabika.

Picha nyingi sasa zina uzito kati ya nusu megabaiti na megabaiti moja. Za asili zipo zote, kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti, na sizihariri wala kuzihifadhi upya, kwani kila ukihifadhi JPEG iliyohaririwa makadirio hufanyika tena juu ya makadirio. Nikitaka kukata, kurekebisha mwanga au kusafisha picha ya ukutani, naichukua ya asili na kutengeneza nakala mpya. Kinachobaki kufanywa kwa mkono ni kuzichambua zile zenye anga tupu kabla ya kuziingiza kwenye amri, na hiyo bado naifanya mwenyewe, moja moja.