Pasta freshi Malindi: kutoka kwenye sufuria hadi mezani

Malalamiko kwenye mkahawa wa pasta freshi ni yale yale: imepoa, imeshikana, haijaiva. Hapa Malindi ongeza la chumvi kuzidi. Mchuzi haulaumiwi sana. Ukifuatilia sahani iliyorudishwa jikoni, utakuta kasoro ilianza ama asubuhi wakati wa kukanda donge, ama katika zile dakika tano kati ya sufuria na meza. Jiko langu nimelipanga kwa kuzilinda nyakati hizo mbili.

Wateja nao ni wa namna mbili. Waitaliano wako hapa tangu miaka ya 1960, mradi wa Kiitaliano wa San Marco ulipoanza kurusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa la baharini pale Ngomeni, na hao pasta ikifika mezani huila papo hapo. Kisha kuna wenyeji na wageni wa Nairobi waliozoea tambi za paketi, zinazochemshwa dakika 8 hadi 12. Pasta freshi ya mayai huiva kwa dakika 2 hadi 3, na haina ule ugumu kidogo wa katikati unaosifiwa kwenye pasta kavu. Ukiuma ukakuta ugumu na ladha ya unga, basi ni mbichi. Mteja anayesema haijaiva ana haki yake, hata kama mpishi atajitetea kwamba Italia ndivyo wanavyokula.

Ubichi huo mara nyingi hutokana na unene usiolingana. Tagliatelle, yaani tambi ndefu bapa, nazisukuma hadi unene wa milimita 1, zote kwa namba ile ile ya mashine, na upana hauchezewi: mji wa Bologna, Italia, waliandikisha kipimo chake mwaka 1972 kwenye chama chao cha wafanyabiashara, milimita 8 ikiwa imeshaiva. Mimi nakata pungufu kidogo kwa sababu hutanuka majini. Zikitofautiana, nyembamba zinalainika kupita kiasi huku nene bado zina unga ndani, na hakuna dakika itakayoziokoa zote.

Kwenye donge, kipimo kinachotajwa kila mahali ni gramu 100 za unga kwa yai moja. Tatizo ni yai lenyewe. La kienyeji linaweza kutoa gramu 40 tu bila ganda, la gredi hutoa gramu 50 na zaidi. Kwa hiyo mayai nayavunja kwenye bakuli na kuyapima: gramu 550 kwa kilo moja ya unga. Wakati wa masika nashusha hadi 520, maana unga unakuwa umeshanyonya unyevu wa hewa. Nakanda dakika 10, nafunika, naliacha dakika 30. Donge lisilopumzishwa hurudi nyuma kila ukilisukuma, na hapo ndipo unene unapoanza kutofautiana.

Nikishakata, kila fungu la gramu 120 nalipima na kulizungusha kiota, kisha nalinyunyizia semolina, ule unga wa ngano uliosagwa kwa chembe. Usitumie unga wa kawaida. Ni laini mno, unanyonya unyevu wa pasta na kugeuka gundi, halafu unachafua maji ya kuchemshia. Semolina ni chembechembe, huanguka chini ya sufuria. Viota vinakaa kwenye trei ndani ya friji, juu yake kitambaa kikavu. Usifunike kwa plastiki, maana matone ya maji yatashuka juu ya pasta. Siku ya pili pasta ya mayai huanza kutoa madoadoa ya kijivu. Ni rangi tu inayobadilika, lakini mteja akiyaona hatakusikiliza. Kinachobaki usiku nakigandisha, na kesho yake kinaingia kwenye maji yanayochemka kikiwa barafu hivyo hivyo, nikiongeza dakika moja. Ukikiacha kiyeyuke kwanza, utatoa bonge moja.

Sasa chumvi. Kanuni ni gramu 10 kwa lita moja ya maji. Lakini maji ya visima vya pwani mengi yana chumvichumvi tayari, na kamba na ngisi huja na chumvi yao. Onja maji kabla hujatia chochote. Mimi natia gramu 7, na mchuzi wa samaki siuongezi chumvi hadi pasta na maji yake viingie kwenye kikaango.

Tukifika kwenye zile dakika tano, sufuria ni ya lita 20 na inaingia vikapu vinne vya waya, kila kimoja fungu moja. Cha tano hakiingii hata wateja wakipiga meza. Ukijaza, maji yanaacha kuchemka, na pasta ikikaa kwenye maji yaliyotulia inashikana kabla haijaiva. Mpishi hatii pasta hadi aone vitu viwili: mchuzi uko moto kwenye kikaango, na bakuli limetoka ovani. Dakika 2 kwenye kikapu, dakika 1 kwenye kikaango na upawa mdogo wa maji ya pasta, kama mililita 60. Wanga ulio ndani ya maji hayo ndio unaounganisha mafuta na mchuzi ukashika pasta. Bila huo mafuta yanajitenga na kutuama chini ya bakuli. Siagi na jibini vinaingia moto ukishazimwa. Maji ya sufuria yakiwa mazito na kutoa povu, namwaga nusu na kujaza mapya yanayochemka.

Ravioli ya kaa, vile vifuko vya pasta vyenye nyama ndani, ni habari nyingine. Dakika 4, maji yakichemka polepole, la sivyo zinapasuka. Nyama ya kaa ikamuliwe kwa kitambaa hadi isidondoke, na hewa isukumwe itoke kabla ya kubana kingo. Hewa iliyobaki ndani hutanuka kwa joto, na hiyo ndiyo inayopasua.

Adui mkubwa wa pasta mezani ni pangaboi. Meza iliyo chini yake hupoza sahani bapa mara moja, na mchuzi wa jibini unakuwa umeganda kabla mteja hajamaliza kupiga picha. Tiba yake ni mabakuli yenye kina, yakae ovani kwenye nyuzi 70. Mhudumu naye anaambiwa meza ipi iko chini ya feni; akipeleka chakula pale, anapunguza kasi ya feni mwenyewe bila kusubiri kuombwa.

Meza ya watu wanane inahitaji mpango tangu kuchukua oda. Mhudumu anawaelekeza kwa upole wasizidishe michuzi mitatu. Vikapu vinaingia kwa awamu mbili. Ya kwanza ni ya nyanya na nyama, kwa kuwa hutunza joto. Ya pili ni ya siagi, jibini na mayai, kwa kuwa hizo haziwezi kungoja. Karbonara ndiyo ya mwisho kabisa kutoka. Mayai yake yanaganda kwenye kikaango chenye moto mkali, na ikipoa inakuwa zege.

Oda hiyo hiyo ndiyo mahali pa kuuliza maswali yanayozuia ugomvi. "Mama, unapenda laini zaidi au kama tunavyopika?" Anayetaka laini anaongezewa sekunde 45, basi. Kisha: kuna asiyekula ngano, mayai, maziwa au kamba? Pasta isiyo na ngano ikichemshwa kwenye maji yale yale haifai kwa anayedhuriwa na ngano, kwa hiyo ina sufuria yake. Kwa wateja Waislamu mhudumu lazima ajue bila kwenda kuuliza jikoni: nyama ya nguruwe iko wapi, mchuzi upi una divai, na kwamba jibini la Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Wengine watakubali, wengine hawatataka. Uamuzi ni wao, kazi yetu ni kusema kweli. Anayetaka jibini juu ya pasta ya kamba naye apewe. Mwitaliano wa meza ya pili atakunja uso, lakini si yeye anayelipa bili hiyo.

Sahani ikirudi, hairudishwi kwenye kikaango. Pasta freshi ikipashwa mara ya pili inanyonya mchuzi wote na kukatika vipande. Fungu jipya linatoka kwa dakika 4, haraka kuliko mabishano, na gharama yake ni unga na yai.

Ya kubeba nauza kwa masharti. Nachemsha dakika moja na nusu, nachanganya na mafuta kidogo ya zeituni, mchuzi unakaa kwenye chombo chake, na kifuniko cha pasta kinatobolewa mvuke utoke. Karbonara haibebwi. Anayekaa mbali, boda ikichukua dakika 20, namshauri achukue lasanya: hiyo ikitulia ndiyo inashikamana vizuri na kukatika bila kumwagika.