Aliyegeuka

"Shangazi, na huyu ni nani?"

Mtoto wa kaka yangu alikuwa kapanda juu ya kochi Jumapili iliyopita, anapitisha kidole ukutani na kumtaja kila mtu. Bibi. Babu. Baba na sare za skuli. Alipofika kwenye ile picha ya karibu na mlango akasita. Ni mwanamke wa kanga, ametupa mgongo, anakwenda zake, na kinachoonekana cha uso wake ni shavu na ncha ya pua.

"Kwa nini hakugeuka?"

Nikamwambia aligeuka. Maneno yakanikwama hapo hapo, nikainuka kwenda kutazama chungu jikoni ambacho hakikuwa na shida yoyote.

Ilikuwa Januari 2010, wakati wa giza. Mliokuwepo Unguja mnaukumbuka: umeme ulikatika Disemba na haukurudi mpaka Machi. Mchana majenereta yalinguruma kila duka, usiku ndani ya vichochoro ulikuwa huoni hata mkono wako. Pampu hazikufanya kazi, maji tukayafuata na madumu. Katika siku hizo ndipo nilipoikuta kamera Darajani, kwa mzee aliyeuza vyuma, imelala baina ya pasi za mkaa na saa zisizokwenda. Ilikuwa Praktica, iliyotengenezwa Dresden wakati wa Ujerumani Mashariki. Kwetu si ajabu kuikuta. Wajerumani wale ndio waliokuja kutujengea maghorofa ya Kilimani, na mkono wao umo pia katika yale ya Michenzani, na wageni wakiondoka hawaondoki na kila kitu.

Bei tulikubaliana. Nikataka kuona kama pazia lake la ndani, lile la kupitishia mwanga, ni zima. Nikakivuta juu kile kirungu cha kushoto, mgongo wa kamera ukafunguka, saa saba mchana, jua liko utosini.

Ndani kulikuwa na mkanda.

Nimeifikiria sana ile nukta. Nadhani zilikuwa sekunde mbili. Labda tatu, kwa sababu kwanza niliutazama. Ulikuwa umeviringwa upande wa kulia, unang'aa kama ngozi ya samaki, na mimi nikauinamia nisiamini. Kisha nikaufunga mgongo kwa kishindo mpaka muuzaji akaniuliza kama nimebanwa kidole.

Nilikwenda nayo moja kwa moja kwa ami mmoja, mpiga picha wa zamani, rafiki ya marehemu baba. Alikuwa keshaacha kazi. Nilimwamkia, nikaiweka kamera juu ya meza na kumweleza.

"Umeufungua juani?"

"Nimeufungua, ami."

Alinyamaza muda. Halafu akanionyesha, wala hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kamera ya mtu, alisema, usiifungue kabla ya kukizungusha taratibu kirungu cha kurudishia mkanda. Kikiwa kizito, mna mkanda. Kikizunguka bure, fungua. Kwenye Praktica hii, mgongo ukishafunguka hata kihesabu cha picha kinarudi mwanzo, kwa hiyo hatukuweza tena kujua zilipigwa ngapi. Akaurudisha mkanda ndani ya kikopo chake na kukisoma kwa miwani: ORWO, NP 20. Akafurahi kidogo. Mkanda mzito wa kupokea mwanga kama huo, alisema, hustahimili miaka kuliko ile myepesi. Tena umejipanga tabaka juu ya tabaka. Jua limekula za juu, yaani zilizopigwa mwisho. Zilizopigwa mwanzo ziko chini, huenda zimesalimika.

"Picha imo tangu siku ile ile," aliniambia. "Mwanga ukishagusa fedha iliyomo kwenye mkanda, umeshagusa. Huioni mpaka uisafishe, lakini imo."

Dawa ya kusafishia hakuwa nayo. Alikuwa na kopo la kusafishia, na chembechembe za dawa ya kugandishia picha zilizobaki chini ya mtungi wa kioo. Ya kusafishia niliitafuta mwenyewe, nikaipata kwenye kompyuta ya duka moja lenye jenereta: kahawa ya unga inayoyeyuka, magadi ya kufulia, na unga wa vitamini C. Kwa nusu lita, vijiko vinane vya kahawa, vinne vya magadi, kimoja cha vitamini. Waliojaribu wanasema robusta inafaa kuliko arabika kwa kazi hii. Nikasema alhamdulillahi, kwani Africafe iliyokuwa kabatini kwetu ni ya Bukoba, na Bukoba ndiko kwenye robusta. Nikatia na chumvi kidogo ya kuzuia ukungu wa uzee wa mkanda.

Mama alikuja uani akaikuta harufu. Si harufu ya kahawa tena. Magadi yakishaingia inakuwa kama matandu yaliyoungua yakalowekwa siku tatu.

"Mwanangu, kahawa yote hiyo?"

"Kuna picha za watu humu, mama."

"Watu gani?"

Sikuwa na jibu. Akanipimia ndoo mbili za maji, akasema ya tatu nisiiguse, ni ya kutilia udhu.

Niliupakia mkanda stoo, kwa kupapasa. Dirisha niliziba kwa blanketi, ingawa nje hakukuwa na taa hata moja ya kuogopa. Barafu haikupatikana mji mzima, nikatumia maji ya mtungini, yaliyo baridi kuliko yote nyumbani. Hata hivyo yalizidi joto linalotakiwa, nikapunguza dakika kwa kukisia. Nikatikisa kopo, nikahesabu, nikamwaga, nikasuuza, nikagandisha.

Kisha nikaufungua, uani, mbele ya kandili.

Mkanda hutoka kwenye gurudumu lake kinyumenyume, wa mwisho kwanza. Kilichotangulia ni kitupu chenye rangi ya chai ya rangi, sehemu ambayo mwenyewe hakuwahi kuipiga. Halafu weusi. Nikavuta, weusi. Nikavuta tena, weusi mtupu, shibri baada ya shibri, na nilijua ule haukuwa weusi wa miaka. Ule ulikuwa Darajani, saa saba, mkono wangu.

Mwisho wa weusi ukaanza kukonda. Picha moja ilikuwa imepigwa kwa kamera iliyosimamishwa wima, na mwanga umeila kutoka juu mpaka magotini. Chini palibaki ukingo wa kanga na miguu miwili ndani ya makubadhi, vidole vimenielekea. Niliisogeza kandili. Iliyofuata, yaani iliyopigwa kabla yake, ilikuwa nzima: mwanamke huyo huyo, kanga ile ile, ametupa mgongo. Katika negativu weusi ni weupe na weupe ni weusi, nywele zilizochungulia chini ya ushungi zilikuwa kama mvi. Nyuma yake maghorofa ya Michenzani hayajaisha, kuta hazina madirisha, magogo ya kupandia mafundi yamesimama kando. Kwa hiyo ni miaka ya 70. Kwenye pindo la kanga palikuwa na maandishi. Nikaugeuza mkanda mpaka herufi zikakaa sawa, nikazisoma kwa kuzifuata na ukucha bila ya kuugusa: JAPO SIPATI. Lililobaki limejikunja ubavuni. Mnalijua.

Kwa hiyo mtu alimwita. Alikuwa anakwenda, akaitwa, na mwenye kamera akawahi kumpiga kabla hajaitika. Kisha akageuka. Pengine alicheka, pengine alikemea, pengine alijifunika kwa mkono. Picha ya kugeuka ilipigwa, ikakaa ndani ya kamera ile zaidi ya miaka thelathini, joto na unyevu wa Unguja havikuiua. Ilikuwa imebakiza muda mchache tu ifike kwa ami.

Nyingine zilizosalimika zilikuwa tano, zote za majengo. Umeme uliporudi nikaisafirisha Dar ile ya mwanamke, ikachapwa. Mama hakutaka niitundike. "Hiyo ni picha ya mke wa watu, au mama wa watu," alisema, na hajabadilisha kauli mpaka leo. Nilirudi kwa muuzaji. Kamera aliiuziwa ndani ya sanduku moja na mizani na mtu aliyekuwa anahama. Picha niliipeleka kwenye harusi mbili na hitima moja. Bibi mmoja aliitazama mpaka machozi yakamlenga, akasema anamjua mwendo, jina halimjii. Nilimwachia nakala. Naye keshatangulia mbele ya haki.

Sijui kama nina haki ya kumweka ukutani baina ya watu wangu. Naona vibaya zaidi kumrudisha kwenye droo.

Nilirudi kutoka jikoni. Mtoto alikuwa bado juu ya kochi.

"Sasa iko wapi hiyo aliyogeuka?"

Nikaitoa bahasha yenye mkanda. Nikamkatia kipande cha mwisho, kile chenye miguu, nikamwonyesha ashike kingo tu. Akakipeleka dirishani, akafumba jicho moja.

"Ana viatu," akasema. Akakipandisha juu kidogo, kwenye weusi, akakiinamisha huku na huku kutafuta pembe ya mwanga.

"Subiri, shangazi," akasema. "Usikichukue bado."