Mzinga wa tatu una ndevu

Juzi usiku nilitoka na tochi kuangalia mzinga wa tatu, nikakuta nyuki wamening'inia nje ya lango, wameshikamana kama ndevu za mzee. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii ningekesha nikidhani wanataka kuhama. Kumbe ni joto tu. Majana, yaani watoto wa nyuki waliomo kwenye masega, huhitaji nyuzi 34 hadi 36 hivi za Selsiasi, na nyuki wakijazana ndani joto linapanda, kwa hiyo wasio na kazi hutoka nje. Wenzao husimama langoni kupepea mbawa, na wengine huleta maji wakayapaka kwenye masega ili yakikauka yapoze. (Beseni la maji liwekeni mawe. Mimi sikuweka, asubuhi nikaokota maiti.)

Miaka mingi niliamini joto ni afya ya nyuki. Msimu uliopita wa maua nikajaribu jambo: niliwatia vibarua thelathini (nyuki jike wafanyao kazi za mzinga) nukta ya rangi nyeupe ya kucha mgongoni, wale waliotoka kwenye vijumba vya sega siku hiyohiyo, ambao bado wana manyoya ya kijivu na mwendo wa kilevi. Wiki tatu hivi walijificha ndani wakilea majana na kujenga sega. Kisha nikaanza kuwaona langoni, mapaja yamejaa chavua. Wiki ya sita nilimwona mmoja tu, ncha za mbawa zimechanikachanika kama bendera kuukuu. Baada ya hapo sikumwona tena mwenye nukta.

Hawakuugua. Walichakaa. Hali ya hewa ikiwa nzuri na maua yakiwepo, kibarua huruka kutwa nzima, na mbawa zake hazioti upya. Katika nchi zenye baridi kali, nyuki anayezaliwa wakati wa vuli, majira ya kabla ya baridi, huweza kuishi miezi sita, ilhali dada yake wa kiangazi hafikishi miwili. Vuli inapoisha malkia karibu anaacha kutaga, hakuna watoto wa kulea, basi akiba ya mafuta na protini hubaki mwilini mwa kibarua. Baridi ikibana hukusanyika kama mpira, wakitetemesha misuli ya kurukia ili wapate joto, wakila asali yao polepole.

Ndiyo maana joto linalokuja nje ya wakati wake hunitia hofu kuliko baridi yenyewe. Vuli ikirefuka na jua likawaka, nyuki wale waliopaswa kutulia hutoka kutafuta mbochi, yaani maji matamu ya maua, usiokuwepo, malkia naye anaendelea kutaga. Wanarudi mikono mitupu, wamezeeka kabla ya baridi kuanza, na majira ya maua yakifika waliobaki hawatoshi kulea kizazi kipya.

Mzinga wa tatu sikuuhamisha, maana warukaji wangerudi palepale walipopazoea. Nimeujengea kivuli cha nyasi. Jana usiku ndevu zilikuwa fupi.