Nilivyofufua cherehani kongwe ya Singer bila kufuta dhahabu yake

Hapa Tanga cherehani za zamani bado zimejaa kwenye stoo na chini ya vitanda, na nyingi huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu wakati ugonjwa wake ni mafuta yaliyoganda tu. Zinazobahatika kupelekwa kutengenezwa mara nyingi hupigwa msasa na rangi nyeusi ya kopo. Mashine inarudi inang'aa, michoro ya dhahabu imekwenda, na ndani bado ni nzito. Mimi nilianza na ndani, na sura nikaiacha ile ile ya kiwandani.

Yangu ni Singer 15K ya kukanyaga. Namba iliyogongwa kwenye kitako inaanza na herufi Y, maana yake imetoka kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kati ya miaka ya 1920 na katikati ya miaka ya 1930. Kiwanda chenyewe kilifunga milango mwaka 1980, lakini uzuri wa mashine hizi za 15 ni kwamba bobini zake za duara (vigurudumu vidogo vya uzi wa chini) ndizo hizo hizo za cherehani za Butterfly zinazotumiwa na mafundi wetu barazani. Singer 27 na 28 ni nzuri pia, ila bobini zake ndefu nyembamba zinatafutwa kwa tochi. Anayeanza asianze na hizo.

Ukikuta gurudumu halizunguki, usilishike kwa spana. Utapinda fimbo au kuvunja chuma cha kusubu, na hapo mashine imekufa kweli. Angalia kwanza chini, mahali pa bobini. Toa kesi ya bobini, fungua kishikizo kinachoshika pete, vuta pete, kisha toa ndoana inayokamata uzi. Mara nyingi utakuta nyuma yake uzi uliojiviringa na kukaza kama pete nyeusi, umelowa mafuta hata hauonekani kuwa ni uzi. Uchomoe kwa ncha ya sindano. Kuna mashine zinazopona hapo hapo.

Yangu haikupona, kwa sababu ilikuwa imelishwa mafuta ya jikoni. Mafuta ya alizeti yakikaa na hewa hukauka na kuwa utando wa kahawia mgumu kama vanishi. Ongeza upepo wa bahari wenye chumvi, na kila kiungo kinashikana. Nilitoa sindano, mguu, bamba la sindano, kifuniko cha kichwa na kile cha duara nyuma ya nguzo, nikaianika juani mpaka chuma kikapata moto. Kisha kwa bomba la sindano ya hospitali nikatia mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali ambapo chuma kinasugua chuma, mbali na jiko na kiberiti. Ilale usiku kucha. Asubuhi sukuma gurudumu kidogo mbele, kidogo nyuma, tia tena, rudia. Mwanzoni yanatoka meusi, baadaye ya rangi ya chai, mwisho masafi. Usiishie hapo: mafuta ya taa yanaondoa uchafu pamoja na ulainisho wote, kwa hiyo siku hiyo hiyo fuatisha mafuta halisi ya cherehani, tone moja au mawili kila tundu.

Neno kuhusu skrubu. Singer walikuwa na saizi zao za nyuzi za skrubu (ile michirizi ya kuzungukia), na skrubu za dukani hazikubali. Ukipoteza moja au ukiharibu mfereji wake, umejitafutia safari ya kuomba kwenye mashine mbovu za watu. Nilisaga ncha ya bisibisi mpaka ikajaza mfereji wote, upana na kina. Skrubu isiyotoka ipashe moto kwa ncha ya pasi ya kuchomelea risasi, tia mafuta, subiri.

Sasa rangi, na hapa ndipo watu wanapolia. Weusi wa Singer hizi ni rangi yenye lami ndani yake, iliyookwa tanurini, nayo ni imara sana. Michoro ya dhahabu imebandikwa juu yake na kufunikwa kwa utando mwembamba wa shelaki, aina ya vanishi. Shelaki huyeyuka kwa spiriti. Ukipangusa kwa spiriti au kwa dawa za kusafishia vioo zenye amonia, utando unaondoka na dhahabu inageuka fedha, kisha inafutika kabisa. Hakuna kurudisha. Nilitumia pamba na mafuta ya cherehani peke yake: paka, acha kidogo, pangusa bila kukandamiza, badilisha pamba. Ni kazi ya uvumilivu, ila uchafu wa miaka mingi unatoka na jani la dhahabu linabaki na mishipa yake. Mahali palipokwisha kukwaruzika nimepaacha. Mkwaruzo wa mkono wa mshonaji ni sehemu ya mashine, na kuupaka rangi ni kuharibu.

Vipande vidogo vyenye kutu visivyo na rangi nilivitia kwenye siki kwa saa chache, nikasugua kwa stilwaya laini, nikasuuza kwa maji ya magadi ili asidi ife, nikavikausha juani na kuvipaka mafuta papo hapo. Usivisahau humo. Penye nikeli iliyopasuka siki hupenya chini na kuibandua.

Tensheni ya juu, yaani kikaza uzi, ifungue yote. Visahani viwili vinakaa mgongo kwa mgongo, pande za mbonyeo zikitazama nje, na katikati lazima pawe laini kabisa. Uzi ukipita huru hata mguu ukiwa chini, pini ya kuachia imekwama ndani. Ya bobini nilipima kwa kuining'iniza kesi kwa uzi wake: isishuke yenyewe, ila ukiitikisa ishuke kidogo na kusimama. Gurudumu ukilirudisha na likakataa kuachia wakati wa kujaza bobini, toa ile washa yenye masikio matatu, igeuze nusu duara, funga tena.

Mashine ikiruka mishono, kabla ya kugusa chochote geuza sindano. Mfereji mrefu wa sindano ndio upande uzi unakoingilia, na ubapa unatazama ndoana. Nyingi zinazodaiwa kuharibika zimewekewa sindano kinyume tu. Kama bado, pima: sindano ikishapanda milimita 2.4 kutoka chini kabisa, ncha ya ndoana iwe katikati ya sindano, karibu milimita 1.6 juu ya tundu. Nguzo ya sindano ikiwa imeteleza kwenye skrubu yake, vipimo hivyo havikutani, na hapo ndipo pa kurekebisha.

Mkanda wa ngozi ni wa milimita 5 hivi. Ukate mfupi kidogo kuliko unavyodhani, maana ngozi mpya hunyumbuka, na usiupake mafuta kabisa, utateleza. Gurudumu lizunguke kuelekea kwako. Likizunguka kinyume, uzi unajisokota chini.

Meza yake ilikuwa imeliwa na mchwa, na hapo ndipo nilipoongeza vya kwangu. Nilichongesha uso mpya wa mtiki wa Longuza, Muheza, ambao mchwa hauupendi. Tundu la kichwa ni takriban sentimita 37 kwa 18, lakini pima kitako chako mwenyewe kabla fundi seremala hajashika msumeno. Nimefunga pia mpini wa mkono, ili niibebe kichwa peke yake. Mpini huo unahitaji gurudumu lenye matundu ya spoku ambamo kidole chake huingia, na tundu la boliti chini yake kwenye nguzo. Lenye uso mzima halifai.

Majaribio nilifanya kwenye kanga, sindano namba 80, kisha jinzi mikunjo minne, namba 100. Mshono ukionyesha uzi wa bobini juu ya kitambaa, legeza tensheni ya juu kidogo kidogo, ukishona kipande baada ya kila mguso.