Mada ya Ijumaa Ile

Mada niliiandika ubaoni Jumatatu, kwa chaki nyeupe, nikaipigia mstari: "Majeshi ya Kenya yaondolewe Somalia." Ilikuwa Januari 2016, muhula ndio kwanza unaanza. Nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya kutwa viungani mwa Eldoret, na klabu ya mjadala ilikuwa chini yangu.

Mada yenyewe haikuwa ngeni kwa mtu. Tangu wanajeshi wetu wavuke mpaka Oktoba 2011 kuwafuata wanamgambo wa al-Shabaab, katika ile operesheni iliyoitwa Linda Nchi, watu walikuwa wakibishana kwa kinyozi, kwenye matatu, hadi matangani. Raila Odinga na wenzake wa CORD, muungano wa upinzani, walisema vijana warudi. Rais Uhuru Kenyatta alishikilia kwamba hawarudi mpaka Somalia itulie. Baada ya Garissa, Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika chuo kikuu, ubishi ule uligeuka kidonda. Mimi niliona si vizuri wanafunzi wangu waupokee kutoka kwa makanga peke yake. Nilitaka wasimame, wapewe dakika tano kila mmoja, waupime kwa hoja.

Lakini shule yetu ilikuwa na jambo lake. Wanafunzi wengi walitoka kambini, Moi Barracks, nyumbani kwa batalioni ya tisa ya Kenya Rifles. Tuliwaita watoto wa kambi. Uliwajua kwa viatu. Januari Eldoret ni vumbi tupu, mahindi yameshavunwa na upepo unapita mashambani bila kizuizi, lakini viatu vyao vilifika langoni vinang'aa kama vimetoka dukani. Baba zao, waliokuwa nyumbani, waliwafundisha kuvipiga rangi usiku.

Jumanne wasemaji wanne waliokota vikaratasi kutoka kwenye kofia ya mlinzi wetu wa lango. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, binti wa koplo, aliangukia upande wa kuunga mada, yaani upande wa kusema warudi. Alikifungua kikaratasi, akakikunja tena, akanifuata hadi mlango wa majilisi ya walimu.

"Mwalimu, naomba tubadilishane na mmoja wa upande ule."

"Kwa nini?"

"Baba yuko huko. Siwezi kusimama mbele ya watu niseme arudi na kazi hajamaliza. Akisikia je?"

Nikamwambia kwamba mjadala ni mazoezi ya akili, na mtu hutetea hata asichokiamini. Alinisikiliza kwa adabu zote, lakini hakuondoka mlangoni. Mwishowe nikamkubalia. Mvulana waliyebadilishana naye hakujali upande. Yeye alipenda kusema tu, na alikuwa na nakala ya Katiba iliyochakaa pembe zote kwa kubebwa.

Ijumaa, tarehe 15, tukiwa kwenye chai ya saa nne, mwalimu wa Jiografia aliingia majilisini na simu mkononi. Kuna kambi imevamiwa alfajiri, alisema, huko Gedo, ndani ya Somalia, mahali panaitwa El Adde. Akachukua atlasi ya shule, akafungua ukurasa wa Pembe ya Afrika, akapitisha kidole kutoka Mandera kwenda mashariki. Jina hilo halikuwemo. Baadaye redio ikamnukuu msemaji wa jeshi: kambi iliyovamiwa ni ya jeshi la Somalia, yetu ni ya jirani, na vijana wetu wamejibu mashambulizi. Tukashusha pumzi. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama mjadala bado upo. Nikasema upo.

Hapo ndipo ninaporudi kila mara. Nilikuwa na habari na nilikuwa na muda; kengele moja tu ingetosha kuahirisha. Nilijua binti yule anatoka kambini na nilijua baba yake yuko Somalia. Sikujua yuko kambi gani, na sikumuuliza. Nilijiambia kwamba redio imesema kambi si yetu, kwamba majaji wawili wameshafika kutoka shule jirani, na kwamba watoto wamejiandaa wiki nzima. Yote matatu yalikuwa kweli.

Tulikutana bwaloni. Meza za kulia zilikuwa zimesukumwa ukutani, harufu ya maharagwe ya mchana ingalipo. Mtunza wakati alikuwa na kikombe cha bati na kijiko: mlio mmoja umebakiza dakika, milio miwili keti. Katibu alifungua daftari la klabu, akaandika tarehe, saa, mada na majina.

Mvulana wa Katiba alianza. "Bwana Mwenyekiti, Katibu, mtunza wakati, majaji wenye haki, wapinzani wangu na hadhira kwa jumla." Kisha akazihesabu tarehe kwa vidole. Septemba 2013, Westgate, watu 67. Juni 2014, Mpeketoni. Novemba 2014, basi la Mandera, watu 28. Siku kumi baadaye, machimbo ya mawe ya Mandera, watu 36. Aprili 2015, Garissa. Kabla ya 2011, aliuliza, haya tuliyaona wapi? Akainua Katiba yake na kusoma kifungu cha 240, kijifungu cha 8, kinachosema kwamba Baraza la Usalama wa Taifa huweza kupeleka majeshi nje ya nchi kwa idhini ya Bunge. Basi kama Bunge ndilo linaloidhinisha, akasema, Bunge ndilo lije lituambie wananchi: tunabaki kwa faida gani, kwa gharama gani, na mpaka lini? Bwalo likampigia makofi ya meza.

Binti wa koplo akasimama. Alikuwa na kadi ndogo za manila alizozikata mwenyewe, hoja zimeandikwa kwa wino wa buluu na kila kichwa kimepigiwa rula. Hakuanza na tarehe za mwenzake, alianza na za kabla yake. Septemba 2011, watalii wawili Waingereza wavamiwa Kiwayu, mume akauawa, mke akatekwa. Oktoba mosi, mwanamke Mfaransa, mlemavu, achukuliwa kisiwani Manda, akafia mikononi mwa watekaji. Oktoba 13, wanawake wawili Wahispania wafanyakazi wa misaada watekwa Dadaab. "Wakati huo," akasema, "jeshi la Kenya lilikuwa upande huu wa mpaka. Wao ndio waliotangulia kuvuka." Akasema habari za Kismayo, jinsi jeshi letu na wenzao walivyouchukua mji ule mwishoni mwa Septemba 2012, na jinsi bandari ile ilivyokuwa mfuko wa al-Shabaab kwa biashara ya makaa.

Kijiko kikalia mara moja. Akageuza kadi ya mwisho, akaitazama, akaiweka mezani bila kuisoma.

"Baba hupiga simu Jumapili. Jumapili hii alituambia kuna mama mmoja wa hapo kijijini huwaletea maziwa ya ngamia, naye baba humpa dawa ya macho ya mtoto wake. Nawauliza wapinzani wangu. Siku jeshi letu litakapoondoka, watakaoingia jioni ile watamuuliza yule mama alikuwa akimpelekea nani maziwa. Atawajibu nini?"

Hakuna aliyepiga meza. Ilikuwa hoja nzito kuliko zote nilizozisikia katika klabu ile, kabla na baada yake, na sijapata bado mtu mzima wa kunijibu vizuri.

Wasemaji wa pili sitawaeleza sana. Walirudia ya wenzao. Lakini hadhira ilipofunguliwa, alisimama mvulana Msomali wa kidato cha pili, ambaye baba yake alikuwa akiuza vitambaa mjini. Hakuwa mzungumzaji. Alisema ana nyanya Gedo. Alisema ndege za Kenya zilipopiga Gedo mwaka uliotangulia, baada ya Garissa, nyanya yake alilala nje siku tatu na mbuzi zake chini ya mgunga, kwa sababu aliogopa paa. "Hawa wamesema Kenya itapata nini," alisema, "na hawa wamesema Kenya itapoteza nini. Upande wa nyanya yangu sijausikia. Nami sijui nimpigie nani kura." Akaketi.

Kura zikapigwa kwa mikono. Katibu alihesabu mara mbili, safu kwa safu, akaandika: wanaounga mada, 58, wanaopinga, 83, asiyepiga, 1. Binti wa koplo akachaguliwa msemaji bora na majaji wote wawili. Alitabasamu kwa aibu, akakusanya kadi zake.

Jumatatu hakuja. Wala hawakuja wengine kadhaa. Mlinzi wa lango aliniambia kuna wanawake wamekaa nje ya kambi tangu Jumamosi, wamefunga leso viunoni, wanangoja kuambiwa. Kambi iliyovamiwa El Adde ilikuwa yetu, na waliokuwa ndani yake walikuwa wa batalioni ya tisa.

Yaliyofuata nchi nzima iliyaona. Majeneza yaliyofunikwa bendera yalishushwa Nairobi. Januari 27 Rais Kenyatta alikuja Moi Barracks kwa ibada ya kumbukumbu, pamoja na Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia na Rais Muhammadu Buhari wa Nigeria. Tulitoa ruhusa kwa wanafunzi wa kambini. Madarasa yakabaki na mapengo. Ahadi ilikuwa ile ile: hatutaondoka. Wakati huo huo, kabla Januari haijaisha, vijana wetu walikuwa wameshahama El Adde na al-Shabaab wakaingia. Niliposoma habari hiyo gazetini nilimfikiria yule mama wa maziwa. Ninamfikiria hadi leo.

Lakini idadi hatukupewa. Wangapi walikufa El Adde? Serikali haikusema wiki ile, haikusema mwezi ule. Mwezi wa pili Rais wa Somalia alitaja kwenye televisheni wanajeshi wapatao 180 au karibu 200. Jeshi letu likakanusha, na katika kukanusha kwake halikutoa idadi yake. Wabunge wakaendelea kubishana, magazeti yakaendelea kubishana, nasi walimu majilisini tukaendelea, warudi, wabaki, warudi, wabaki, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na hesabu ya gharama mkononi.

Mimi ninaamini walipaswa kurudi, kwa tarehe inayojulikana na kwa mpango ambao yule mama wa kijijini angekuwa ndani yake. Najua wapo wenye akili na uchungu wanaoamini kinyume, na binti yule alikuwa mmoja wao. Ninachokikataa kwa nguvu zangu zote ni kuitwa tuamue gizani. Wafu huhesabiwa kwa sababu ni watu. Mtoto wa kidato cha tatu aliyeshika ukatibu wa klabu alihesabu mikono ya wenzake mara mbili asije akakosea mmoja, na yule mmoja asiyepiga kura naye akamwandika. Jeshi ni la wananchi na vita ni vya wananchi. Hesabu nayo ni yao. AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, imekuja kuitwa ATMIS, ATMIS ikawa AUSSOM, wanajeshi wetu wangali kule, na swali la mvulana wa Katiba bado liko palepale alipoliacha.

Maiti ya koplo ilichukua wiki kadhaa kutambuliwa. Ndugu wa marehemu wengi iliwabidi kutoa sampuli za DNA, na mmoja wa waliokwenda ni binti yule, kwa kuwa ndiye mkubwa. Wakamzika kwao magharibi. Aliporudi shuleni ilikuwa Machi, kichwa kimenyolewa, nywele zikianza kuchomoza. Viatu vilikuwa na vumbi.

Alinikuta majilisini wakati wa chakula cha mchana, wengine wakiwa wametoka. Nilisimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia, na sikuyaona pa kuyaanzia. Nikamwambia pole, mwanangu. Akasema ahsante, mwalimu. Kisha akaomba daftari la klabu.

Nikalitoa kabatini. Alifungua pole pole mpaka ukurasa wa tarehe 15. Hakuangalia kura, wala jina lake lililopigiwa nyota. Aliweka kidole juu kabisa, kwenye saa ya kuanza, ambapo katibu alikuwa ameandika: saa tisa na dakika ishirini alasiri.

"Walituambia ilianza kama saa kumi na moja," alisema. "Alfajiri."

Akaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, midomo ikienda bila sauti, akavimaliza, akahamia mkono wa kulia. Alipofika kidole gumba alibaki amekishika.

"Masaa kumi, mwalimu."

Nikamwambia ndiyo. Akalifunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili, akaenda darasani.