Dunia ipi, Senga?

Senga, yaani shangazi yangu, kanichoma mbele za watu na mpaka leo sijapata jibu. Kinachoniuma zaidi, yeye nadhani alishasahau kabla hata matoke hayajaingia kwenye sufuria.

Ratiba ya wiki mnaijua. Kwanjula ya binamu, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, imepita salama, mbuzi na makreti ya soda yamepokelewa, muko (mkwe wetu) kakubaliwa, picha mtaziona kwa dada. Mimi kilichobaki kichwani ni ile asubuhi nyuma ya nyumba, wanawake tumekaa kwenye mikeka tunamenya matoke, mikono tumeipaka mafuta ya kupikia ili utomvu usigande lakini wapi, kucha zangu bado nyeusi na bosi wa mihuri kaniuliza kama nimeacha forodha nimeingia gereji.

Sasa kijana wa muziki alikuwa anajaribu spika. Kaweka dini, kaweka Kadongo Kamu kidogo, zile nyimbo za gitaa za Kiganda, halafu ghafla kaangusha Salome ya Diamond, Simba wetu, na Rayvanny. Mnanijua. Kisu chini, mabega juu. Nikamwambia mtoto wa binamu, yule wa P3 (darasa la tatu), "unaskia hii, Simba aliitoa 2016, wewe hata kutambaa bado."

Senga hakuinua macho kwenye ndizi. "Aliitoa wapi?"

"Studio, Senga."

"Studio ya nani? Hii si ya Saida?"

Nikasema ndiyo, chimbuko ni Maria Salome ya Saida Karoli, ila ile ni ya kitambo, hii ndiyo iliyofika dunia nzima.

"Dunia ipi? Kwani sisi tulikuwa tunakaa wapi?"

Weee. Walicheka mpaka mmoja akagonga beseni kwa kisu. Mama naye kacheka, mama yangu mzazi, ambaye bando la kuangalia hizo video namnunulia mimi.

Toka siku hiyo niko kaunta natunga majibu. Dereva ananipa karatasi za mchele nami nagonga tarehe huku kichwani namwambia Senga, sikiliza, nilimaanisha Lagos, nilimaanisha Paris. Halafu namsikia vile vile anavyouliza, kwani sisi tulikuwa tunakaa wapi, na najua tulikuwa tunakaa wapi. Hapa hapa Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania. Ukivuka geti uko Kagera, na Kagera ndiko kwao Saida. Senga mwenyewe kaolewa upande wa Bukoba miaka na miaka, Kihaya anakiongea kuliko wifi zake, kanda ya Saida ilikuwa inapigwa kwake mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakati mimi bado naimba alfabeti. Huo wimbo haukuhitaji kumfikia, yeye ndiye alikuwa jirani yake. Ndiyo maana jibu la Lagos haliingii.

Lakini na mimi nina haki yangu jamani. Bila Salome ya 2016 Saida ningemjulia wapi? Nilimtafuta YouTube baada ya kuisikia kwa Diamond, nikakaa usiku mzima na zile ngoma zake, ile sauti inayopanda kama haina haraka. Na Diamond hakujificha, jina la wimbo kaliacha pale pale mlangoni kila mtu alione. Hiyo siyo wizi, hiyo ni kubisha hodi.

Na nikiwa mkweli (mashabiki wenzangu msinipige mawe) kazi zake ninazozipenda kuliko zote ni zile anazoingia kwenye nyumba ambayo tayari ina wenyewe. Chukua Yope, wimbo wa Innoss'B, mtoto wa Goma, remix ya 2019. Pale Simba anaingia kwa adabu, anaimba Kiswahili chake, wenyewe wanaendelea na mdundo wao na yeye anaufuata. Hapa mpakani madereva wa Kongo walikuwa wanaipiga mpaka sabuwufa inakohoa. Au Waah! ya 2020 na Koffi Olomide, mzee hakuombwa aje kupamba, mzee kaja na Kongo yake yote mgongoni. Hata Number One, ya 2013 nzuri, ya kujidai, lakini mwaka uliofuata Davido alipoingia kwenye remix ndipo wimbo ulipopata mbio, mpaka sasa nikiisikia ile ya kwanza masikio yanamsubiri Davido.

Halafu kuna zile za kutafuta visa. African Beauty na Omarion, 2018, video safi, kila mtu kanukia, na mimi sikumbuki kitu. Komasava nayo, dansi yake niliimaliza mimi mwenyewe kwenye ukumbi wa harusi nikiwa na viatu vya kuazima, hilo halina mjadala, ila Jason Derulo kwenye remix ya 2024 anakaa kama mgeni aliyepewa kiti cha ukingoni, soda mkononi, hajui aanze kuongea na nani. Niliandika haya ile posti ya mwaka juzi mkanitukana, nayarudia.

Sasa mwone Senga. Usiku, wageni wakubwa wameshaondoka, kijana wa muziki anairudisha Salome, ile ile, ya Simba. Nikageuka nikamkuta Senga yuko katikati, gomesi, gauni lake refu la sherehe, kaibana kwa mkono mmoja isiburute, miguu haipandi kabisa, kiuno tu, polepole, nusu ya mwendo wa beat. Alikuwa hachezi ya Diamond. Alikuwa anacheza ya Saida ndani ya ya Diamond, na ilikaa! Kila mapigo mawili ya kijana yeye anachukua moja. Wale wadogo na dansi zao za simu wakasimama wakamtazama. Nilitaka kumpigia kelele nimwambie si unaona, si unaona inakubali, lakini ningesema nini tena, nilikuwa na kicheko na machozi kidogo, nikaingia na mimi nikamfuata kwa nyuma. Hakunitazama. Kasema tu, "punguza mbio."

Mama mkubwa ana nadharia yake, kwamba Senga tatizo lake siyo remix. Anasema toka Zari, yule Mganda aliyezaa na Diamond, aweke lile waridi jeusi la kutangaza kuachana naye Februari 2018, Senga kafunga file ya Diamond. Enzi zile alikuwa anamwita muko wetu kabisa, anamtetea sokoni. Inawezekana. Naona hata akisema "huyo kijana" anasema kama mtu anayedai mahari.

Ila usiku ule ule nilimwona Mama amekaa pembeni, hakuinuka hata wimbo mmoja, na Mama kwa Salome hukaa? Mguu wa kushoto umevimba tena, juu ya kifundo, ukibonyeza panabaki shimo. Anasema ni kusimama sana jikoni. Mwezi wa pili alisema ni viatu. Nimemuuliza kama dawa za presha anameza, kanijibu zipo. Sikumuuliza kama zipo. Jumatatu naomba ruhusa kwa bosi nimpeleke Masaka, na akikataa kupanda gari sijui nitamwambia nini.