Damu Tu

Mwaka 2019 niliitwa kuwa mkalimani katika ukumbi wa kanisa mjini Fort Worth, Texas, ambako watafiti wa chuo kikuu kimoja walikuja kuomba damu na mate ya wakimbizi kutoka Kongo kwa ajili ya utafiti wa vinasaba na magonjwa ya moyo. Hoja yao ilikuwa nzito: sehemu kubwa ya sampuli za vinasaba zilizochunguzwa duniani imetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mtafiti mkuu alitoa mfano wa jirani, Dallas, ambako mwaka 2005 damu ya Wamarekani weusi ilionyesha kwamba takriban wawili katika kila mia wana badiliko katika jeni ya PCSK9 linalowapunguzia lehemu (kolesteroli) katika damu, ugunduzi uliochangia dawa zilizoidhinishwa mwaka 2015. (Bei yake ya mwanzo, zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka, hakuitaja.)

Kisha akaomba radhi kwa ajili ya Tuskegee, jimboni Alabama, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili mwenendo wa ugonjwa uchunguzwe. Wazee walisikiliza kwa adabu, kama watu wanaopewa pole ya msiba wa jirani.

Hofu yao ilikuwa kwingine, na hakuna aliyeiulizia mpaka muuguzi alipofungua pakiti na kutoa kijiti chenye pamba. Mama mmoja wa Uvira, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa Marekani, akasogeza kiti nyuma.

"Hii njo kitu walipimia watoto yangu," akaniambia.

Kuanzia 2012 Marekani ilidai kipimo cha vinasaba kwa mkimbizi aliyewaombea watoto wake wamfuate kupitia mmojawapo wa mipango ya kuunganisha familia. Yeye alikuwa amemwandikisha kama mwanawe mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akinyonya. Majibu yalipotoka faili likasimama, na kijana huyo alikuwa bado kambini.

Swali lake lilikuwa moja: je, mate haya yatafika kwa wale wale? Mtafiti, na kwa hili namsifu, hakujibu kwa kubahatisha. Alipekua fomu ya ridhaa mpaka kwenye aya ya hati ya usiri, ambayo tangu 2017 tafiti zinazofadhiliwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani huipata moja kwa moja, na ambayo humzuia mtafiti kutoa taarifa za mshiriki, hata mahakamani, bila idhini yake. Aya hiyo ilikuwa karibu na mwisho wa fomu, ilhali kwa maoni yangu ndiyo iliyostahili kutangulia Dallas na Tuskegee.

Mama akataka isomwe tena, kisha akauliza atafungwa nani ikivunjwa. Hapo mtafiti alikwama.

"Damu chukueni. Mdomo wangu hapana."

Nilimweleza kwamba vinasaba vilivyomo katika mate ndivyo vilivyomo katika damu. Akasema anajua, ila damu alitolewa kambini kabla ya safari na haikumzuilia mtu. Mtafiti akakubali damu tu, na waliokuwa kwenye foleni wakaanza kuniuliza kama nao wanaruhusiwa kuchagua.